Nguzo iliyo imara kuliko zote

Leo mada ni hisabati, tena hisabati ya juu, lakini haitahitaji ubao wala chaki. Inahitaji utulie nami kidogo, na mara mbili tatu nitakuuliza swali ulifikirie mwenyewe kabla sijalijibu.

Nianze na swali la kwanza. Umewahi kupita kwenye jengo linalojengwa, siku moja kabla ya mafundi kumwaga zege la ghorofa? Chini ya mbao utaikuta mirunda, ile miti myembamba iliyosimamishwa kwa wingi ili kuzishikilia mbao mpaka zege likauke. Sasa tazama vizuri. Fundi mzoefu hakuiacha mirunda ile isimame hivihivi. Katikati ya urefu wake amepigilia mbao za kulala, zinazoufunga mrunda mmoja na mwenzake, huku na huku. Zile mbao za katikati hazibebi uzito wa zege hata kidogo. Uzito wote unashuka kwenye mirunda. Basi kazi yake ni nini?

Kazi yake ni kuzuia mrunda usipinde. Mti mwembamba ukitwishwa mzigo kichwani, kwa kawaida hausagiki. Unasimama wima, unaongezewa mzigo, bado umesimama, halafu ukifika mzigo fulani unachomoka pembeni ghafla na kila kilichokuwa juu yake kinakuja chini. Mzigo huo wa kupindisha unaweza kukokotolewa. Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi mjini Berlin, aliichapisha kanuni yake mwaka 1744. Kanuni inasema hivi: mti wa unene uleule ukiwa mrefu mara mbili, uwezo wake unabaki robo. Narudia: urefu mara mbili, uwezo robo. Na ukiugeuza usemi huo, mrunda ukizuiwa barabara katikati, kila nusu inafanya kazi peke yake kama mti mfupi, na mzigo wa kuupindisha unapanda mara nne. Ubao mmoja wa kulala, usiobeba zege lolote, unaufanya mti uleule ustahimili mara nne. Ndiyo maana mimi husikitika ninapoona mahali wamebana matumizi wakaziacha zile mbao.

Sasa swali la pili, nalo ndilo litakalotuchukua muda wote uliobaki. Tuseme nimekupa kiasi fulani cha chuma, hakipungui wala hakiongezeki, nikakuambia unitengenezee nguzo ya urefu fulani. Uko huru kuinenepesha hapa na kuikondesha pale. Uichonge vipi ili ibebe mzigo mkubwa kuliko nguzo nyingine yoyote ya chuma kilekile na urefu uleule? Uiache nene sawasawa toka chini hadi juu? Uinenepeshe chini? Katikati? Fikiri kwanza.

Aliyelileta swali hili katika hisabati ni Joseph-Louis Lagrange, mzaliwa wa Torino, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 18. Mwanzoni mwa miaka ya 1770 aliandika juu ya umbo la nguzo, na jibu lake likawa kwamba nguzo bora ni ile iliyo nene sawasawa kote. Jibu hilo si sahihi. Lagrange, ambaye hesabu zake za mwendo wa sayari bado zinafundishwa, aliteleza kwenye nguzo. Ilipita karibu miaka 80 kabla ya kusahihishwa, na aliyesahihisha ni Thomas Clausen, Mdenmaki aliyezaliwa katika familia maskini ya wakulima, ambaye mwaka 1851 alikuwa Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia. Clausen alionyesha kwamba nguzo ambayo ncha zake zote mbili zimeshikwa kwa bawaba, yaani zinaweza kugeuka ingawa haziwezi kuhama, inapaswa kuwa nene katikati na kupungua kuelekea kwenye ncha. Ukiifanya hivyo, inabeba theluthi moja zaidi. Kwa nini katikati? Kwa sababu huko ndiko inakokunjika zaidi inapopinda. Chuma kilichokuwa kikikaa bure kwenye ncha kimepelekwa mahali penye kazi.

Kisha kazi ya Clausen ikasahaulika. Mwaka 1960 Joseph Keller wa Chuo Kikuu cha New York akalishika swali upya, bila kuishia kwenye nguzo za duara. Aliuliza pia: ukiikata nguzo kwa msumeno, uso wa mkato uwe wa umbo gani? Duara? Mraba? Keller akapata kwamba katika maumbo yasiyobonyea ndani, bora ni pembetatu yenye pande tatu sawa. Nguzo ya pembetatu, nene katikati na nyembamba kwenye ncha, inazidi nguzo ya duara iliyo sawa kote kwa asilimia 61. Mafanikio makubwa kwa chuma kilekile! Miaka miwili baadaye, 1962, yeye na mwenzake Iradj Tadjbakhsh wakaitumia njia ileile kwa nguzo ambazo ncha zake zimepachikwa imara, zimeng'ang'aniwa juu na chini zisiweze hata kugeuka. Wakapata umbo la ajabu: nguzo inayonenepa, inakonda, inanenepa tena katikati, inakonda, inanenepa mwisho. Na mahali pawili palipokonda, unene wake ni sifuri. Umenisikia vizuri. Mahali pawili nguzo haina unene wowote, na bado hesabu inasema hiyo ndiyo imara kuliko zote.

Hapo, ndugu msikilizaji, mtu wa kawaida angepinga. Nguzo isiyo na unene itasimamaje? Lakini hesabu zilionekana zimenyooka, waandishi wake walikuwa watu wa kuaminika, na miaka 15 ikapita. Mwaka 1977 Niels Olhoff na Steen Rasmussen, nao wa Denmark, wakaonyesha kwamba jibu lile lina kasoro. Kasoro hiyo haikuwa ya kujumlisha na kutoa. Ilitokana na dhana moja iliyojificha ndani ya njia yenyewe, na dhana hiyo ndiyo ninayotaka tuiangalie kwa makini, maana inatufungulia mlango wa tawi zima la utafiti.

Ili tuione, inabidi nilete maneno mawili ya kitaalamu, polepole. La kwanza ni matrisi. Matrisi ni jedwali la namba, lenye mistari ya kulala na safu za kusimama. Mhandisi huigawa nguzo kwa mawazo katika vipande vidogovidogo, tuseme 100, kisha anaandika kwenye jedwali jinsi kila kipande kinavyosukumana na jirani zake. Jedwali hilo ndilo nguzo iliyogeuzwa kuwa namba. Neno la pili ni thamani aigeni. Hizi ni namba zilizofichika ndani ya matrisi, ambazo hazibadiliki hata ukiipima nguzo ileile kwa kuanzia upande mwingine. Kwa nguzo yetu, namba hizo ndizo mizigo inayoweza kuipindisha. Iliyo ndogo kuliko zote ni mzigo wa kuipindisha kwa namna iliyo rahisi kuliko zote, mara nyingi kwa kutoka upande mmoja. Inayofuata ni mzigo wa kuipindisha kwa namna iliyo ngumu zaidi, mathalani kwa umbo la herufi S, juu ikienda kushoto na chini ikienda kulia. Kisha ya tatu, ya nne, na kuendelea.

Nguzo inaangushwa na mzigo upi kati ya hiyo? Mdogo kuliko yote, bila shaka. Ikishapinda kwa mzigo wa kwanza, hakuna wa kungoja wa pili. Kwa hiyo kumtafutia mtu nguzo bora ni kuichonga ili ile thamani aigeni ndogo kuliko zote ipande juu kadiri inavyowezekana. Nalisema tena kwa ufupi: tunainua iliyo chini.

Sasa tega sikio. Unapoinua iliyo chini, chuma unakitoa wapi? Hukiongezi, unakihamisha. Unakitoa mahali ambapo hakisaidii sana kuzuia namna ya kwanza ya kupinda. Lakini mahali hapo huenda ndipo palipokuwa pakiizuia namna ya pili, ile ya S. Kwa hiyo namba ya kwanza inapanda, na ya pili inashuka. Unaendelea kuchonga, ya kwanza inazidi kupanda, ya pili inazidi kushuka, hadi zinakutana. Ukivuka hapo, zinabadilishana nafasi: iliyokuwa ya pili inakuwa ndogo kuliko zote, nayo inaendelea kushuka. Basi nguzo bora iko wapi? Iko palepale zilipokutana. Sasa nguzo haina udhaifu mmoja, ina udhaifu wa aina mbili ulio sawasawa, na huwezi kuuponya mmoja bila kuuzidisha wa pili.

Hilo ndilo Tadjbakhsh na Keller walilolipita. Njia yao ilichukulia kwamba namba ya kwanza inabaki peke yake muda wote. Kwenye nguzo ya bawaba dhana hiyo ni kweli, namba ya kwanza haigusani na ya pili kamwe, na ndiyo maana Clausen na Keller walifika salama. Kwenye nguzo iliyopachikwa ncha zote mbili dhana inavunjika. Olhoff na Rasmussen waliweka sharti kwamba nguzo isiruhusiwe kukonda kupita kiasi fulani, wakaanza kulilegeza sharti hilo kidogokidogo. Mwanzoni kila kitu kilikwenda kama ilivyotarajiwa. Kisha ikafika hatua ambapo namba ya pili ilishuka ikaigusa ya kwanza, na kuanzia hapo hesabu ya zamani haikuwa na neno la kusema. Nguzo bora ya kweli haina mahali penye unene wa sifuri. Inazidi ile ya kawaida kwa karibu theluthi moja, na inasimama.

Si wote walioridhika mara moja. Mabishano yaliendelea majaridani kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 1992 Steven Cox wa Chuo Kikuu cha Rice na Michael Overton wa Taasisi ya Courant walipoitoa hoja kwa uthibitisho kamili: kwamba nguzo bora ipo, na kwamba sharti la ubora wake linapatikana kwa kutumia hisabati ya vitu vyenye kona. Taasisi ya Courant iko Chuo Kikuu cha New York, chuo kilekile alikokuwa Keller. Mimi jambo hilo hunifurahisha, kwamba chuo kimoja kilitoa jibu lenye kasoro na miaka 30 baadaye kikashiriki kulisahihisha, mchana kweupe.

Nimesema vitu vyenye kona. Nini maana yake? Chukua karatasi, au fikiri unayo. Chora mstari unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Chora mwingine unaoshuka, ukate wa kwanza katikati. Sasa weka kidole kwenye mstari ulio chini kati ya miwili, uufuate wa chini tu. Kidole kitapanda hadi mahali pa kukatana, kisha kitashuka. Umechora kilele, lakini kilele hicho hakijaviringika. Kina kona. Mtoto wa kidato cha tano amefundishwa kwamba kileleni mteremko ni sifuri: tafuta mteremko, ulinganishe na sifuri, umepata jibu. Haya, mteremko wa kona hiyo ni upi? Kushoto unapanda, kulia unashuka, na hakuna mahali popote ulipo sifuri. Mtihani ungesema hakuna jibu, na kumbe jibu lipo mbele ya macho.

Ningependa walimu wetu wa sekondari na vyuo, wanapofundisha kanuni ile ya sifuri, waongeze dakika tano za kuchora kona hiyo. Kwa sababu kona si bahati mbaya inayotokea mara moja moja. Ukiwa unainua kilicho chini kabisa, au unashusha kilicho juu kabisa, juhudi yako mwenyewe ndiyo inayokusukuma kwenye kona. Mara nyingi kilicho bora hukaa hapo.

Kompyuta nayo inasumbuka pale. Njia ya kawaida ya kompyuta kutafuta kilele ni kuuliza mteremko, kupiga hatua kuelekea juu, kuuliza tena. Mfikirie mtu anayepanda mlima usiku, kwenye mgongo mwembamba wenye makali, akiwa na tochi inayomulika miguu yake tu. Akiwa upande wa kushoto wa mgongo, ardhi inamwambia: juu ni kulia. Anapiga hatua, anauvuka mgongo, sasa yuko upande wa kulia, ardhi inamwambia: juu ni kushoto. Anarudi. Anakwenda kulia, kushoto, kulia, kushoto, hatua zake zinazidi kuwa fupi, na kilele chenyewe kiko mbele yake, kando ya mgongo, mwelekeo ambao ardhi haikumtajia hata mara moja. Mwaka 1975 Philip Wolfe, mtafiti wa Marekani, alitoa mfano wa hesabu unaoonyesha hasa jambo hili: njia ya mteremko mkali inaweza kusogea na kusogea, ikatulia mahali ambapo si bora hata kidogo.

Dawa ilitoka pande kadhaa za dunia, na kwa muda pande hizo hazikuwa zikisomana vizuri. Mjini Kyiv, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Naum Shor alikuwa akishughulikia hesabu za usafirishaji, akaonyesha kwamba unaweza kusonga mbele hata penye kona mradi ukubali kwamba si kila hatua itakupandisha. Seattle nchini Marekani, Frank Clarke aliandika tasnifu yake ya mwaka 1973 akitoa jibu la swali lililoishinda kanuni ya sifuri. Mteremko wa kona ni upi? Clarke akasema: usitafute mmoja, chukua yote. Chukua mteremko wa kushoto, wa kulia, na yote inayopatikana kwa kuichanganya hiyo, uiweke pamoja. Ikiwa ndani ya mkusanyiko huo sifuri imo, umefika mahali panapostahili kuchunguzwa. Katika kona tuliyochora, mteremko mmoja ni chanya na mwingine ni hasi, na sifuri imo katikati yao. Jibu limerudi. Huko Ufaransa, Claude Lemaréchal alikuwa akitengeneza njia za kompyuta zinazokumbuka mielekeo ya hatua zilizopita na kuifunga pamoja kabla ya kuamua hatua inayofuata. Mwaka 1977, mwaka uleule wa Olhoff na Rasmussen, watafiti wa mada hii walikutana Laxenburg karibu na Vienna, katika taasisi ya kimataifa iliyoanzishwa ili wanasayansi wa kambi za Mashariki na Magharibi waweze kukaa meza moja.

Na yule mpanda mlima wetu? James Burke, Adrian Lewis na Michael Overton walichapisha mwaka 2005 njia ambayo naiona nzuri kwa urahisi wake. Usiulize mteremko wa mahali uliposimama tu. Uliza pia mahali kadhaa palipokuzunguka, palipochaguliwa kwa bahati nasibu, baadhi upande huu wa mgongo, baadhi upande ule. Kisha tafuta mwelekeo mmoja ambao majibu yote yanakubali kwamba unapandisha. Kushoto na kulia zinapingana na kufutana. Kinachobaki ni mbele.

Mpaka hapa nguzo yetu imesimama tuli. Tutoke kwenye vitu vilivyotulia twende kwenye vinavyotikisika, kwa sababu huko thamani aigeni zina ukali zaidi.

Tarehe 1 Julai 1940 lilifunguliwa daraja la Tacoma Narrows, katika jimbo la Washington nchini Marekani, si mbali na Seattle. Lilikuwa daraja la kuning'inia, la tatu duniani kwa urefu wa nafasi kati ya minara yake. Asubuhi ya tarehe 7 Novemba mwaka huohuo, upepo wa kama kilomita 64 kwa saa, upepo ambao si wa kutisha, ulilisokota daraja lile upande huu na upande ule hadi likakatika na kutumbukia majini. Hakuna mtu aliyekufa. Vitabu vingi vya shule husema upepo ulivuma kwa mdundo uleule wa daraja, ndipo likatikisika. Maelezo hayo hayatoshi. Upepo haukuwa na mdundo huo. Daraja lilipoanza kujisokota, msokoto wenyewe ulibadilisha namna upepo ulivyolisukuma, na msukumo huo ukaongeza msokoto. Kila mtikisiko ulizaa mkubwa zaidi.

Kwa lugha ya matrisi, kila mfumo unaotikisika una thamani aigeni zinazoeleza kama mtikisiko wake utafifia au utakua. Zikiwa zote upande wa hasi, gusa mfumo unavyotaka, utatulia. Ikivuka moja tu upande wa chanya, mtikisiko mdogo unakua wenyewe. Kwa hiyo mhandisi wa daraja, au wa ndege, anaangalia iliyo mbele kuliko zote, iliyo karibu zaidi na kuvuka mpaka, naye anajitahidi kuirudisha nyuma kadiri awezavyo. Unaona swali linavyofanana? Mwenye nguzo aliinua iliyo chini. Mwenye ndege anarudisha nyuma iliyo mbele. Na vilevile anapoirudisha moja, nyingine inasogea mbele, zinakutana, kona inazaliwa.

Ila kona hii ni kali kuliko ya nguzo. Matrisi ya nguzo ina ulinganifu: kipande hiki kinavyomsukuma jirani yake ndivyo jirani anavyokisukuma. Matrisi ya ndege katika upepo haina ulinganifu huo, na thamani aigeni zake zikikutana zinakuwa nyepesi mno kuchokozeka. Kuna matrisi ndogo, yenye mistari miwili na safu mbili tu, ambayo ukibadilisha namba yake moja kwa kiasi cha sehemu moja ya milioni, thamani aigeni zake zinahama kwa sehemu moja ya elfu. Umebadilisha kitu kidogo kupita kipimo, matokeo yamehama mara elfu zaidi. Kona ya nguzo ina miteremko miwili. Kona hii ina mteremko usio na kikomo.

Ndege inapopata hali hiyo ya kukuza mtikisiko wake, mabawa hupapatika, na ikiendelea yanaweza kukatika. Mwaka 2003, kabla ya makala yao ile ya 2005, Burke, Lewis na Overton walilichukua jedwali la hesabu linalojulikana na wataalamu wa udhibiti, la ndege aina ya Boeing 767 ikiwa katika hali ya mpapatiko, lenye vigeu 55. Kazi ilikuwa kubuni kidhibiti, yaani kanuni ya kusoma vipimo vya ndege na kuamuru usukani namna ya kujibu, kitakachorudisha thamani aigeni zote upande salama. Kidhibiti kikubwa chenye kumbukumbu nyingi ni rahisi kukipata kwa hesabu. Kidogo, chepesi, ambacho mhandisi anaweza kukielewa na kukikagua, ndicho kigumu, na ndicho kinachotakiwa. Kwa njia ile ya kuuliza mahali kadhaa kwa mpigo, walikipata kidogo.

Muda wetu unakwisha, lakini siwezi kufunga bila kukueleza jambo moja linaloendelea hadi sasa. Mwaka 1970 watu wanne, Broyden, Fletcher, Goldfarb na Shanno, kila mmoja kwa njia yake, walifikia kanuni moja ya kompyuta ya kutafuta kilicho bora. Inaitwa kwa herufi za mwanzo za majina yao, BFGS. Ilibuniwa kwa ajili ya vitu laini, visivyo na kona, na kwa vitu hivyo inategemewa duniani kote. Kwa haki yote, penye kona ilipaswa kushindwa. Lewis na Overton wakaijaribu penye kona, tena na tena, kwenye thamani aigeni, kwenye mafumbo ya kuitega makusudi. Haikushindwa. Katika makala yao ya mwaka 2013 walieleza jinsi inavyofika kwenye kona ikiwa imejifunza yenyewe, hatua kwa hatua, upande upi una makali na upande upi ni laini. Inafanya hivyo kwa ustadi zaidi kuliko njia nyingi zilizobuniwa kwa kazi hiyo hasa. Kwa mifano michache iliyo rahisi imethibitishwa kwa nini. Kwa hali ya jumla, uthibitisho bado unatafutwa, na kijana mwenye subira ya kukaa na karatasi na kalamu, awe Mbeya, Kisumu au Lubumbashi, anaweza kuushika kutoka hapo ulipo.